Maswali ya Wasomaji: Dau Hilo ni la Nani?

Assalaam aleikum wahariri. Wizara moja inapiga mnada magari yake ya zamani hapa Kampala. Nimependa pikapu ya milango minne, ya dizeli. Nipandishe dau hadi wapi, na nianze lini kunyoosha mkono? – Msomaji, Jinja

Waalaikum salaam ndugu yetu. Kikomo kinapangwa siku ya ukaguzi. Ukisubiri kukipanga siku ya mnada, joto la uwanja litakupangia.

Nenda ukaguzini na fundi wako. Vuta kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini, yaani gasketi ya silinda hedi imekufa au hedi yenyewe imepasuka. Hakikisha kontrol boksi (kompyuta ya injini) ipo, kwa sababu gari lililolala uani miezi mingi hunyofolewa vipuri usiku. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu. Betri iliyokufa isikutishe. Kinachostahili kukutisha ni muuzaji anayekataa uiunganishe na betri yako.

Kisha piga hesabu kuanzia mwisho kurudi nyuma. Tuseme pikapu kama hiyo, ikiwa inatembea vizuri, inauzwa shilingi milioni 40. Toa matengenezo, matairi, kuvutwa na kubadilisha usajili kutoka namba za serikali: tuseme milioni 9. Zinabaki 31. Toa nyingine 4 kwa yale ambayo fundi hakuweza kuyaona injini ikiwa imezimwa. Zimebaki 27. Sasa soma masharti ya mnada: je, bei ya nyundo (dau la mwisho lililoshinda) ina VAT ya asilimia 18 ndani yake au VAT inaongezwa juu? Ikiwa inaongezwa, gawanya 27 kwa 1.18, upate takriban milioni 22.88. Hicho ndicho kikomo chako. Aliyesahau hatua hii atapanda hadi 27 kisha aambiwe alipe 31.86, na hapo dhamana aliyoweka ndiyo itakayomfunga, kwani akikimbia ataipoteza.

Uwanjani, usifungue dau wewe. Waache wenye haraka wapandishane, uingie wanapobaki wawili. Dalali akiwa anapandisha kwa laki 5 nawe umekaribia kikomo, omba nusu ya hatua. Madalali wengi hukubali wakiona mnada umepoa. Tena usisimamie kwenye namba ya duara. Watu wengi hukoma kwenye 22 au 23 kamili, kwa hiyo 22.3 inaweza kukupa gari. Kama mauzo ni ya bahasha zilizofungwa, mbinu hizi zote hazina kazi: andika kikomo chako moja kwa moja, maana hakuna raundi ya pili.

Jambo moja zaidi, ambalo limeumiza wengi. Gari la ubalozi au la shirika lililoingia nchini kwa msamaha wa ushuru linadaiwa ushuru pale linapouzwa kwa mtu asiye na msamaha huo. Uliza kwa maandishi nani ataulipa. Usipofanya hivyo, bei nafuu ya mnadani itamalizikia URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.

Mnadani niliona mwanamume mmoja akinipandia kila nilipotaja bei, halafu akanyamaza ghafla. Nitajuaje kama alikuwa amepandikizwa na muuzaji? – Mama Zuhura, Bombo

Mama, kwa mnada mmoja ni vigumu kujua. Mlanguzi halisi pia hufanya hivyo: anayo bei yake ya jumla, akiifikia anakaa kimya. Mtazame mtu huyo katika loti nyingine, yaani mali nyingine zinazonadiwa. Aliyepandikizwa huonekana kwa tabia kadhaa zikiwa pamoja: anapandia magari ya muuzaji mmoja tu, hakuonekana ukaguzini, anajibu papo hapo bila kufikiri, na akishinda kwa bahati mbaya, gari lilelile hurudi kwenye mnada unaofuata.

Mbaya zaidi ni dau la hewani, ambapo dalali anataja bei huku akitazama nyuma yako na hapana mkono ulionyooshwa. Kwa hiyo usisimame mbele. Simama pembeni, nyuma kidogo, uione mikono yote. Ukitilia shaka, uliza kwa sauti na kwa adabu: "Mheshimiwa, dau hilo ni la namba ngapi?" Dalali mwaminifu atataja namba ya mnunuzi huyo mara moja.

Kanuni ya sheria ya mauzo, ile ya Uingereza ya 1893 ambayo nchi zetu zilirithi, ni hii: muuzaji haruhusiwi kupanda dau mwenyewe wala kumtuma mtu, isipokuwa alitangaza mapema kwamba anayo haki hiyo. Akifanya kwa siri, mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo kuwa ya ulaghai. Nawe unaweza kuondoa dau lako wakati wowote kabla nyundo haijagonga. Kwa hiyo kabla ya loti ya kwanza, uliza mambo mawili: kuna bei ya chini iliyowekwa? Je, muuzaji amejiwekea haki ya kupanda dau?

Ukiamua kulalamika, andika namba ya loti, saa, na namba za waliopandiana. Kwa mali ya serikali, barua inaanzia kwa afisa masuuli (mkuu anayewajibika kwa fedha na mali) wa taasisi husika. Usiporidhika, unakwenda Baraza la Rufaa la PPDA, linalosikiliza malalamiko ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma. Fanya haraka, kwani muda wa kulalamika ni mfupi.

Wafanyabiashara fulani wameniambia nisipande dau kwenye loti namba 3, watanipa "chai" baadaye. Kuna ubaya? – Msomaji, Arua

Upo. Hiyo ni njama ya kumpunja muuzaji, na kama mali ni ya umma, mmewaibia wananchi. Baada ya mnada wao hupigana mnada wa pili kwa siri, wakagawana tofauti. Kataa, panda dau hadi kikomo chako, na umjulishe msimamizi wa mnada kabla loti hiyo haijaitwa.