Kitambulisho kimepotea, pasipoti ninayo: je, nitapiga kura?

Swali: Wakili, nilijiandikisha kuwa mpiga kura huku Kisauni kabla ya uchaguzi wa 2022, nikitumia kitambulisho cha taifa. Sasa kimepotea. Nina pasipoti ambayo muda wake haujaisha, leseni ya udereva na picha ya kitambulisho kwenye simu. Nikiomba kipya nataka pia kiwe na jina la mume wangu. Je, Agosti 2027 nitaruhusiwa kupiga kura?

Jibu: Dada, utapiga, mradi uwe na kitambulisho kipya mkononi. Usiitegemee pasipoti.

Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inatambua hati mbili tu: kitambulisho cha taifa na pasipoti ya Kenya. Ila kanuni za mwaka 2012 zimeongeza sharti ambalo wengi hulijua wakiwa tayari wamefika mlangoni, kwamba hati utakayoonyesha kituoni iwe ileile uliyojiandikishia. Wewe ulitumia kitambulisho. Leseni ya udereva haimo kabisa katika sheria hiyo, hata kama ina picha yako. Picha ya kwenye simu nayo haifai, kwani karani anataka hati halisi. Kadhalika karatasi ya kusubiria kitambulisho unayopewa ukishaomba: inathibitisha kwamba umeomba, haikupi kura.

Ukifika kituoni, karani hupokea hati yako kisha hukuambia uweke kidole kwenye KIEMS, mashine ya kumtambua mpiga kura. Alama zikikubali, picha na maelezo yako hutokea kwenye skrini. Zikikataa, na hili huwapata sana wavuvi, wakulima na wazee ambao vidole vimesuguliwa na kazi, karani hukutafuta kwa nambari ya hati. Ukipatikana, Fomu 32A, ya kuthibitisha mpiga kura, hujazwa mbele ya mawakala wa vyama, nawe unapiga kura. Kwa hivyo usikubali kurudishwa nyumbani eti kwa sababu kidole kimekataa. Mwite msimamizi wa kituo, umwombe Fomu 32A.

Kuhusu jina, usiwe na wasiwasi. Kitambulisho kikibadilishwa, nambari inabaki ileile, na katika daftari la wapiga kura unatafutwa kwa nambari hiyo. Hata hivyo ni vyema majina yalingane, usije ukabishana na wakala siku yenyewe.

Ibara ya 83 ya Katiba inasema mipango ya usajili na uchaguzi imrahisishie raia haki ya kupiga kura, isimnyime. Mimi naiamini ibara hiyo, na ndiyo maana naumia nikiona kizuizi kikubwa kiko kwenye dawati la kitambulisho, miezi mingi kabla ya siku ya kura. Ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera walihojiwa kwa miongo na kamati za ziada kabla ya kupewa kitambulisho, hadi rais alipoagiza Februari 2025 ziondolewe. Kijana aliyecheleweshewa kitambulisho hana hata nafasi ya kuingia daftarini.

Kwako wewe: nenda Huduma Centre au ofisi ya usajili wa watu ukaombe kingine, ukiwa na cheti cha ndoa, na uulize kwanza kama watataka abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha umeripoti kimepotea. Kikishatoka, kipeleke ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge la Kisauni jina lirekebishwe daftarini. Fanya hayo mapema, maana uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027 na daftari hufungwa kabla ya siku hiyo.