Umbo la protini: maswali yenu kabla ya mtihani

Ngazi nne za muundo wa protini nazikariri kila siku, lakini kwenye mtihani zinanichanganya. Nifanyeje?

Kwa kila ngazi, jiulize jambo moja: ni nini kinachoishikilia? Ya kwanza ni mfuatano wa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyoungana kuwa mnyororo wa protini, uliofungwa kwa bondi za peptidi. Ya pili, mnyororo hujisokota kama springi au hujikunja kama bati la migongo, ukishikwa na bondi za haidrojeni. Bondi hizo ni za uti wa mnyororo wenyewe. Vikundi vya pembeni, yaani R, havihusiki. Hapo ndipo maksi nyingi hupotea. Vikundi vya R huingia kazini ngazi ya tatu, mnyororo mzima unapojikunja na vile vinavyokwepa maji vikajificha ndani. Ya nne ni minyororo kuungana, kama ile minne ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni.

Kila protini ina ngazi ya nne?

Hapana. Mayoglobini ya misuli ina mnyororo mmoja tu, inaishia ya tatu.

Yai likichemshwa, bondi za peptidi hukatika?

Hazikatiki. Joto huachanisha zile dhaifu, protini hukunjuka, kisha minyororo hung'ang'aniana na ute unakuwa mweupe na mgumu. Mfuatano uko palepale. Kazi ya kuukata itafanywa na kimeng'enya pepsini tumboni mwako.

Mbona nywele nilizopiga pasi zikinyeshewa hujikunja tena, lakini za dada aliyeweka dawa hazirudi?

Swali zuri mno, na ningependa kila mwalimu aanze nalo. Unywele ni protini iitwayo keratini. Pasi huvunja bondi za haidrojeni, nazo hujifunga upya nywele zikiwa zimenyooka. Maji yakiingia, bondi hizo huachia tena na nywele hurudia umbo la asili. Dawa huvunja madaraja ya salfa kati ya asidi amino mbili ziitwazo sisteini, na hayo hayarudishwi na mvua. Ndiyo maana dada hungoja nywele mpya ziote kutoka kwenye ngozi.

Ni kweli asidi amino moja tu huleta selimundu?

Kweli. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146. Ile ya 6, asidi glutamiki, imebadilishwa na valini. Mwanabiokemia Vernon Ingram alilibainisha hilo mwaka 1957. Asidi glutamiki ina chaji na hupenda maji, valini huyakwepa. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hunasa kwenye himoglobini jirani, nayo kwa nyingine, hadi zinafanya nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu ya damu kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na maumivu yake anayajua kila aliyewahi kukesha na mgonjwa. Ukiulizwa badiliko lenyewe liko ngazi ipi, andika ya kwanza, kisha eleza jinsi lilivyofika hadi kwenye chembe nzima.