Kabla hujanunua kifaa cha jikoni cha kuchomeka kwenye simu

Juzi usiku mtoto wa dada yangu kanitumia picha WhatsApp: kisahani cheusi chenye waya mfupi unaoingia kwenye simu, na juu yake kikombe kinafuka mvuke. "Shikamoo mama mdogo. Nichukue? Elfu kumi na nane tu." Sikuandika jibu, nilimpigia kabisa. Kisahani kama kile ninacho, kiko kwenye droo tangu mwaka juzi, na sikutaka hela yake iende ilikokwenda yangu.

Mimi napika keki za oda nyumbani. Usiku wa kuamkia Jumamosi nakaa na oveni hadi saa saba, na chai ndiyo inayonishikilia. Nilipoona kitu cha kuiweka chai moto pale pale mezani, nikanunua bila kuuliza maswali. Usiku wa kwanza nikakichomeka simu ikiwa na chaji asilimia 84, nikatua kikombe cha chai ya maziwa. Baada ya saa moja na nusu chaji ilikuwa 51. Chai imefanya utando juu, ukinywa ni uvuguvugu, na simu yenyewe mgongoni ina joto kuliko kikombe. Nikaichomoa, maana namba ya kila mteja wangu imo humo.

Aliyenifumbua macho ni fundi simu wa mtaani kwetu. Alichukua kalamu akanipigia hesabu kwa uniti, hizi hizi tunazonunua za LUKU. Kuchemsha maji ya kikombe kimoja, mililita 250, kutoka nyuzi 25 hadi 100, kunataka kama uniti 0.022. Betri ya simu ya 5000 mAh ikiwa imejaa kabisa ina kama uniti 0.019. Yaani ukiimaliza simu yote, isibaki hata ya kuwaka, kikombe kimoja bado hakijachemka. Na hapo hatujatoa joto linalopotea hewani.

Halafu kuna suala la kasi. Tundu la USB la kawaida, lile la kiwango cha USB 2.0, linatoa volti 5 na nusu ampea, ambayo ni wati 2.5. Birika la umeme lina wati 2000 hivi. Maji ya kikombe kile kile, ambayo birika linayachemsha kwa sekunde 40 hivi, wati 2.5 zingehitaji karibu saa tisa, tena kama hakuna joto linalopotea hata kidogo. Kwa kweli yasingechemka kamwe, maana kikombe kinapoa haraka kuliko kinavyopashwa. Tangu siku ile, kitu chochote cha jikoni kinachotakiwa kutoa joto, iwe kupasha, kuchemsha, kuoka au kukaanga, kikisema kinatumia umeme wa simu, nakirudisha dukani kwa muuzaji bila majadiliano. Geuza boksi, tafuta neno wati. Likikosekana, zidisha volti kwa ampea utapata mwenyewe.

Blenda ndogo za chupa ni habari nyingine, na watu wanazichanganya. Zile nyingi zina betri yao ndani, waya ni wa kuchajia tu. Kwa papai, ndizi na parachichi lililoiva zinafaa. Usiiwekee barafu wala vipande vya nazi. Na uichaji ukutani, usiichaji kwa simu yako.

Hasara iliyoniuma zaidi, lakini, haikutokana na umeme. Nilinunua mzani wa kioo cheusi, mwembamba, mzuri kuutazama, hauna namba popote. Namba unazisoma kwenye simu kupitia Bluetooth, na programu yake inakupigia hesabu ya unga, sukari na siagi kwa idadi ya watu. Niliupenda kweli. Sasa fikiria uko kwenye keki ya sponji. Mayai yameshapigwa, yamepanda, meupe. Unataka kupima unga. Simu imejizima kioo. Vidole vina siagi, alama ya kidole haisomi. Unanawa, unajifuta, unafungua, unakuta simu na mzani vimeachana, unaanza kuviunganisha upya. Ukirudi kwenye bakuli povu la mayai limeshuka, na povu likishuka keki haiinuki. Hilo lilinikuta zaidi ya mara moja nikawa najilaumu mimi kwa kuchelewa.

Mwaka jana ile simu ikaanguka ikafa. Nikanunua nyingine, nikatafuta programu ya mzani, haipo. Walioitengeneza waliacha kuishughulikia na simu mpya haikuikubali. Mzani ni mzima, betri nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, ila hauwezi kuniambia uzito wa yai. Ilikuwa Ijumaa jioni, nina keki ya harusi ya ngazi tatu. Nilikwenda kugonga kwa jirani kuazima mzani wake wa mshale, ule wenye bakuli la plastiki, ambao kaurithi kwa mama yake.

Baadaye nilisoma nikaona kumbe mambo haya yana historia. Mwaka 1999 kampuni ya Handspring ya Marekani ilitoa kompyuta ya kiganjani iitwayo Visor. Mgongoni ilikuwa na nafasi ya kuchomeka vifaa vya ziada, waliiita Springboard: unaweka kamera, unaweka kifaa cha kupigia simu, unaweka michezo. Wazo zuri, na watu walitumia hela zao kununua vile vifaa. Mwaka 2002 kampuni ikaleta Treo, haina nafasi ile, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na Palm, kampuni nyingine ya kompyuta za kiganjani. Aliyekuwa na kifaa cha Springboard kikabaki cha kutumika kwenye Visor kuukuu tu. Sisi pia tumeona: tundu dogo la zamani limepisha USB-C, na iPhone nazo zikabadilisha tundu mwaka 2023. Simu tunaibadilisha kila baada ya miaka michache. Sufuria ya mama yangu ina umri kunishinda mimi.

Hata wenye mitaji mikubwa wamekwama hapo. Juicero, mashine ya kukamua juisi ya Marekani, iliingia sokoni mwaka 2016 kwa dola 699, na haikufanya kazi bila waifai. Mwaka 2017 waandishi wa shirika la habari la Bloomberg walizikamua pakiti zake za matunda yaliyokatwakatwa kwa mikono mitupu wakapata juisi karibu ile ile. Kufika Septemba mwaka huo kampuni ilisimamisha biashara.

Kwa hiyo swali ninalouliza sasa ni moja: simu ikizima, hiki kitu kitafanya kazi? Kipimajoto chenye kioo chake ni ndiyo, na ninacho, nakithamini. Kuku akifika nyuzi 74 katikati ya mnofu nina hakika ameiva. Mzani wenye namba zake ni ndiyo. Simu yenyewe naiacha mbali na unga, natumia saa yake kuhesabu dakika za oveni na kamera kupiga picha keki ikikamilika.

Kama kisahani cha kupashia umeshakinunua, kichomeke kwenye chaja ya ukutani yenye ampea zilizoandikwa kwenye boksi lake, na ukitumie kwa kikombe kilichokwisha kuwa moto, chenye kifuniko. Simu usiiguse.

Yule mtoto wa dada yangu nilimwambia kwa elfu kumi na nane zake atafute chupa ndogo ya chai. Yangu ya lita moja niliijaza jana saa mbili usiku. Saa saba, namalizia kupaka krimu ngazi ya juu, nilimimina kikombe cha mwisho, na nilikipuliza kwanza ndipo nikanywa.