Chicha ni ukuta mtupu (na maswali yenu mengine ya seli)

Haya, maswali ya wiki hii karibu yote ni ya seli na tishu, nadhani watoto wana mtihani. Ila lililonifurahisha zaidi limetoka jikoni, naanza na hilo.

Shikamoo mwalimu. Dafu likiachwa mtini linakuwa nazi, sa yale maji yanaenda wapi na nyama inatoka wapi? – Mpishi, Langoni

Marahaba mamangu. Yale maji ya dafu usiyaone kama ya kisima, ile ni tishu, ni akiba ya chakula cha mche ambayo bado haijagawanywa vyumba. Seli ya kawaida inakuwa na kiini chake na kuta zake, lakini nazi ikiwa bado changa viini vinazaliana tu bila kujenga kuta, vinaelea humo ndani kama ukumbi wa harusi, watu tele chumba hakuna. Linavyokomaa ndo kuta zinaanza kujengwa, na zinaanzia pembeni kwenye kifuu, ule utelezi unaoukomba na kile kijiko muuza madafu anachokuchongea kwenye kumbi ni seli ndo kwanza zinapata kuta. Likifika koroma utelezi umekuwa nyama, likifika nazi seli zimejaa mafuta pomoni na maji yamepungua, yaliyobaki ndo yale yanayolia ukitikisa.

Na hapo utaelewa tui. Mafuta yamefungiwa ndani ya seli, na seli ina ukuta, kwa hiyo ukikaa kwenye mbuzi unakuna hujui lakini kazi unayofanya ni kubomoa kuta, meno ya mbuzi yakiwa makali unabomoa nyingi na tui linakuja zito, ila nazi ya kukatakata vipande hata ukamue mpaka vidole viume hupati kitu. Maji ya vuguvugu yanasaidia kwa sababu mafuta ya nazi yakipata baridi yanaganda. Umeshakamua la kwanza, umetia maji umekamua la pili, kile kinachobaki mkononi ni chicha, na chicha nyingi yake ni kuta tu, nyumba zimevunjwa wenyewe wameshaingia kwenye sufuria. Kuku wanaipenda lakini.

Mbona jodari nyama yake nyekundu kama ng'ombe na changu mweupe pe, si wote samaki? – Kizingitini

Mwanangu, jiulize jodari anapumzika saa ngapi. Hapumziki. Yule akisimama maji hayapiti kwenye matamvua anakosa hewa, kwa hiyo anaogelea usiku na mchana maisha yake yote. Misuli ya kazi kama hiyo inataka nyuzi zilizojaa mitokondria, yale majiko ya moto ya seli, na inataka mayoglobini ya kushika oksijeni karibu, na mayoglobini ni nyekundu, basi ndo rangi unayoiona. Changu anakaa zake mwambani, akiona adui anachomoka mara moja kama mshale halafu ametulia, nyuzi zake ni za nguvu za ghafla, hazihitaji akiba kubwa ya oksijeni. Lakini siku ukimpasua changu tazama chini ya ngozi katikati ya ubavu, kuna ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia, huo ndo wa kuogelea polepole, anao na yeye ila mdogo.

Na kuku ni hivyo hivyo, paja jeusi kwa sababu anatembea kutwa nzima, kidari cheupe kwa sababu kuruka kwake ni kwenye ukuta wa jirani basi.

Seli bila kiini si imekufa? Sa chembe nyekundu za damu? – Fomu Two, Mkomani

Haijakufa, imetoa fenicha ili mzigo uingie. Kiini kinatupwa, mitokondria pia, nafasi yote inaachiwa himoglobini inayobeba oksijeni, na umbo linakuwa kama chapati iliyobonyea katikati pande zote mbili ili oksijeni iingie na kutoka haraka. Bei yake ni kwamba haiwezi kujikarabati, inaishi kama siku 120 tu na mwili unatengeneza karibu milioni 2 kila sekunde. Samaki na kuku zao zina kiini, ukipata mikroskopu shule hakikisha mwenyewe.

Mikoko inakunywaje maji ya bahari na mimi nikinywa natapika? – Matondoni

Wewe wa Matondoni jibu unalo pale wanapounda majahazi. Fundi anatia kalafati kati ya mbao maji yasipenye, na mkoko unafanya hivyo hivyo kwenye mzizi, kuna safu ya seli ambazo katikati yake kumezibwa na kitu kama nta, maji yanalazimika kupita ndani ya seli zenyewe na hapo chumvi nyingi inazuiwa mlangoni. Mchu, aina moja ya mkoko, una njia nyengine, unaiachia kiasi iingie halafu majani yana tezi za kuitema nje, lamba jani la mchu wakati wa kiangazi utaniambia. Vile vijiti kama penseli vilivyochomoza kwenye tope chini yake ni mizizi ya kupumulia, ndani imejaa mapengo ya hewa kama sponji, maana lile tope halina oksijeni kabisa, harufu yake si unaijua.

Boriti za nyumba ya babu, fundi anasema ni miti iliyokufa nitoe niweke zege. Kweli? – Mkomani

Kufa zimekufa, kweli. Lakini mbao ndivyo ilivyo, seli inanenepesha kuta zake kwa lignini, kile kitu kinachoifanya mbao iwe ngumu, kisha inakufa inaacha bomba tupu la kupitishia maji au uzi mgumu wa kushikilia mti, ingekuwa hai ndani imejaa ute maji yangepita wapi? Kama boriti haina mchwa wala haijaoza, mwambie fundi seli zake nyingi zilikufa kabla hata hazijakatwa, na mti bado ulikuwa umesimama.