Ni maada nyeupe, na huyo mtoto akili anayo

Bibi mmoja wa Wete kaniletea swali. Mjukuu wake wa miaka minane hatulii hata kidogo, sa mwanawe aliyeko Unguja kamtumia kwenye simu maelezo ya watoto wasiotulia, ndani yake pameandikwa "jambo nyeupe la ubongo", chini kidogo "mada nyeupe", anataka kujua ipi sahihi, na mwisho kaongeza: "mwanangu, ndo kusema mtoto hana akili?"

Shikamoo bi mkubwa. Sahihi ni maada nyeupe, kwa a mbili. Mada na maada yote yametoka neno moja la Kiarabu lakini sisi tushayagawia kazi, mada ya mkutano, maada ile watoto wanayosoma skuli, yabisi na kimiminika na gesi. Hilo "jambo nyeupe" limekosewa ngeli na maana halina.

Sasa hilo la mwisho, "hana akili", ndo linalonichoma na miaka yote nalipigia kelele. Tumeligeuza kofi. Mtoto kasahau daftari, hana akili. Kajibu kabla swali halijesha, hana akili. Kanyanyuka mara kumi chuoni kwenye Kurani, hana akili.

Jirani yangu alimtuma mwanawe dukani, tungule nne na kitunguu. Njiani tiara limekatika linaanguka, watoto wanalikimbilia, naye huyoo. Karudi magharibi, kipande cha uzi mkononi, pesa hana. Mama yake akampokea na "huna akili wewe!" mtaa mzima ukasikia. Mimi nipo barazani, nikamwita, ulitumwa nini? Akanijibu palepale: tungule nne, kitunguu kimoja kikubwa kisiwe kilichochipua, na chenji nirudishe. Hilo la kuchipua hata mama yake alikuwa kashasahau kama alilisema! Huyo ndo hana akili? Kilichomponza ni pupa, miguu imeondoka fikra ingali njiani.

Na hapo ndo inapoingia hiyo maada nyeupe. Ubongo una sehemu za kijivu zenye seli, na una nyuzi zinazopeleka habari sehemu moja hadi nyengine, nyuzi hizo nyingi zimevikwa mafuta yanaitwa mayelini, kama waya uliovikwa mpira, na weupe ni wa mafuta hayo. Uzi mnene uliovikwa vizuri unaweza kupeleka habari kwa kasi ya karibu mita 100 kwa sekunde, usiovikwa ni mita 1 au 2 tu. Kazi ya kuvika inaanza mtoto yumo tumboni na inaendelea mpaka mtu kafika miaka ya ishirini na kitu, na za nyuma ya paji la uso, zinazosaidia kujizuia na kushika jambo moja, ni za mwisho mwisho. Wataalamu wakipima kwa emarai (MRI), mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, wanakuta kwamba kwa wastani watoto wenye tatizo la kutotulia wana tofauti kwenye nyuzi hizo, lakini ni ndogo, na hakuna daktari wa kutazama picha ya mtoto mmoja akasema huyu analo.

Mtu atanambia akili kwa Kiarabu ni ndugu na kamba ya kufungia ngamia, kwa hiyo asiyejizuia kweli hana. Bwana wee, neno likishavuka bahari ni letu. Mzanzibari akisema fulani ana akili hamaanishi kafungwa, anamaanisha anafahamu.

"Mtundu" naliachia, lina mapenzi ndani yake. "Mtukutu" nalo sawa, limetoka kutukuta, linaeleza kinachoonekana. Hilo jengine silipokei kwa mtoto yeyote. Sema ana pupa, sema hatulii, sema anasahau, manake ukimpeleka kwa daktari atakuuliza hatulii wapi, nyumbani tu au na skuli na chuoni, na tokea lini, sa ukimjibu "hana akili" hujamwambia kitu.