Fua kitambaa cha pamba kabla ya kukikata
Ndugu, umeuliza kwa nini aproni ya pamba uliyomshonea dada yako ilifanya makunyanzi pembezoni, palipo na utepe wa poliesta, baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Pamba ambayo haijafuliwa hurudi, yaani hupungua ukubwa, inapolowa maji, hasa ya moto, ilhali poliesta hubaki karibu na urefu wake uleule, hivyo utepe huzidi kitambaa na kujikunja. Kabla ya kukata, kifue kitambaa kwa namna ileile ambayo mpokeaji ataifua zawadi yake, ukikaushe na kukipiga pasi. Hatua hii wengi wetu huiruka kwa haraka ya kumfurahisha mtu. Hiyo aproni usiitupe, kwani kazi yako ni nzuri: fumua utepe, piga pasi kitambaa, kisha uushone upya bila kuuvuta na kupunguza uliozidi.