Maswali na majibu: chura asiyeacha kona

*Nimekutana na maneno “mfumo minimali” nikisoma hisabati. Ni mfumo mdogo? (Mwalimu wa sekondari, Dodoma)*

Si mdogo, mwalimu. Mfumo hapa ni mahali pamoja na kanuni ya kuhama ndani yake, na kuwa minimali maana yake ni kwamba haupunguziki: hauna ndani yake sehemu ndogo inayojitosheleza. Dhana hii ilianzishwa na George Birkhoff, mwanahisabati Mmarekani, mwaka 1912.

Chora duara, weka chura juu ya mstari wake, aruke hatua ya urefu uleule kila mara. Hatua ikiwa robo ya duara, atakanyaga pointi nne tu hadi uzee wake. Pointi hizo nne ni nyumba inayojitosheleza ndani ya nyumba kubwa, kwa hiyo duara zima si minimali. Sasa mpe hatua ya kipeuo cha pili cha 2 ukitoa 1, yaani takriban 0.41421 ya duara. Namba hiyo haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili, kwa hiyo chura harudi kamwe pale pale alipotoka. Popote aanzie, hakuna kipande cha duara, hata kiwe chembamba kama uzi, ambacho hatakikanyaga.

*Shikamoo. Tunajuaje hatakiruka kipande fulani milele? (Kidato cha sita, Tanga)*

Marahaba. Swali hili nimelipenda kuliko yote ya wiki hii, kwa hiyo chukua kalamu. Zidisha 70 kwa 0.41421356. Unapata 28.99495. Kumbe baada ya miruko 70 chura amezunguka karibu mara 29 kamili, akapungukiwa na 0.005 hivi ya duara. Ihesabu miruko hiyo 70 kama hatua moja: sasa chura amegeuka sisimizi, anarudi nyuma nusu asilimia kwa nusu asilimia. Kipande chenye upana wa asilimia moja hawezi kukivuka bila kukikanyaga.

Ukitaka kipande chembamba zaidi, tafuta idadi nyingine ya miruko itakayompa hatua fupi zaidi. Itakuwepo daima. Gawa duara vipande elfu moja. Akishatua mara 1,001, lazima kuna kipande alichotua mara mbili, na umbali kati ya nyayo hizo mbili ndiyo hatua mpya ya sisimizi.

*Kuna kitu ninachoweza kujaribu kwenye kikokotoo?*

Kuna. Anza na 2, zidisha kwa 2, endelea, ukitazama tarakimu ya kwanza tu: 2, 4, 8, 1, 3, 6, 1, 2, 5, 1... Iko wapi 7? Wengi hukata tamaa mapema. Inajitokeza kwenye namba ya 46 ya orodha: 70,368,744,177,664. Nayo 9 inasubiri hadi ya 53.

Huyu ni chura yuleyule: kila ukizidisha kwa 2, logi ya namba (kizio 10) huongezeka kwa logi ya 2, kwa hiyo safari hii hatua yake ni 0.30103, na sehemu ya desimali ya logi ndiyo huamua tarakimu ya kwanza. Tarakimu 1 inamiliki eneo la duara kutoka 0 hadi 0.301, ilhali 9 ina kijisehemu cha 0.046. Mwaka 1916 mwanahisabati Mjerumani Hermann Weyl alithibitisha kwamba chura wa aina hii hugawa muda wake kulingana na ukubwa wa eneo, ndiyo maana 1 inaongoza takriban mara 30 katika kila 100. Hata namba yako ya simu, ukiianzisha na 255 badala ya sifuri, ni mwanzo wa kipeo fulani cha 2. Usiniombe nikutafutie.

*Ramadhani nayo huzunguka hivyohivyo?*

Karibu sana. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354.37 kwa wastani, mwaka wa jua 365.24, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka na kumaliza mzunguko kwa miaka kama 33. Tumeifunga wakati wa kaskazi, tutaifunga wakati wa kusi. Mwaka 1997 ilianza mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa Kizungu, na mwaka 2030 itafanya hivyo tena. Ila namba za mbinguni hupimwa, hazithibitishwi. Mzunguko huu unafanana na mfumo minimali, si mfumo wenyewe.

*Nje ya daftari, mfumo minimali una faida gani?*

Tunga shanga kubwa (K) na ndogo (N) kwa kanuni hii: kila K igeuze KN, kila N igeuze K. Unapata K, KN, KNK, KNKKN, KNKKNKNK. Mpangilio haujirudii kwa kipindi maalumu, lakini kipande chochote ulichokiona utakiona tena, bila kusubiri kupita kikomo fulani. Huo ndio uminimali katika sura ya ushanga.

Mwaka 1982 mwanasayansi wa Israeli Dan Shechtman aliona mpangilio wa jamii hiyo ndani ya aloi ya aluminiamu na manganizi: kwenye picha ya hadubini ya elektroni yalitokea madoa kumi kumi kuzunguka kitovu, jambo ambalo fuwele za kawaida haziwezi. Wenzake wengi hawakumwamini. Mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

*Kwa hiyo hii ndiyo nadharia ya machafuko?*

Hapana. Machafuko ni mifumo ambayo badiliko dogo sana mwanzoni huleta tofauti kubwa baadaye, na fasili yake maarufu, ya mwanahisabati Mmarekani Robert Devaney, inadai pointi zinazorudi pale pale zilipoanzia, kama za chura wa robo duara, zitapakae kila mahali. Mfumo minimali wenye pointi zisizo na idadi hauna hata moja.